Barua kwa Mwanangu Kuhusu Mwajiri wa Kumchagua Japani

Mwanangu mpendwa,

Nimeipokea mikataba yote miwili uliyonitumia, nimeisoma na kuirudia, na kwa kuwa uliomba maoni yangu kwa maandishi badala ya simu, nakuandikia kwa kirefu. Sina shaka na uwezo wako wa kufundisha Kiingereza. Ninachokihofia ni yule atakayekulipa mshahara, kwa sababu nchini Japani walimu wawili wageni wanaweza kufanya kazi ileile katika shule za mji mmoja, mmoja akiwa ameajiriwa na bodi ya elimu ya mji huo na mwenzake na kampuni iliyoshinda zabuni ya kupeleka walimu shuleni, na maisha yao yasifanane hata kidogo.

Mkataba wa kwanza ni wa kampuni ya namna hiyo. Wewe uliuona mshahara wa yeni 230,000 kwa mwezi ukafurahi. Mimi nilisimama kwenye kifungu cha saa za kazi, kinachotaja saa 29.5 kwa wiki. Ile nusu saa haikukatwa kwa bahati. Kwa miaka mingi sheria ya bima ya jamii ya Japani, yaani ya matibabu na pensheni, ilimlazimu mwajiri kumwandikisha mtu anayefanya kazi angalau robo tatu ya saa za mfanyakazi kamili, na robo tatu ya saa 40 ni saa 30. Kampuni nyingi zikaandika mikataba inayoishia chini kidogo ya hapo, zikihesabu vipindi na kuacha muda ambao mwalimu anakaa shuleni kati ya kipindi na kipindi. Kanuni imebadilishwa hatua kwa hatua, mwaka 2016, kisha 2022, na tangu Oktoba 2024 kampuni yenye wafanyakazi 51 au zaidi inapaswa kumwandikisha hata anayefanya kazi saa 20 kwa wiki, ilimradi mshahara wake umefikia kiwango kilichowekwa, na wako umekipita kwa mbali. Kwa hiyo wakikuambia kwamba hiyo bima haikuhusu, waulize wana wafanyakazi wangapi, na waombe jibu la maandishi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo litakaloamua utabaki na nini mkononi. Ukiandikishwa, mwajiri analipa nusu ya ada ya matibabu na nusu ya ada ya pensheni. Usipoandikishwa, unazilipa zote mbili peke yako, na ile ya pensheni ya taifa pekee ilikuwa yeni 17,510 kwa mwezi katika mwaka wa fedha wa 2025. Ada ya bima ya afya ya taifa, pamoja na kodi ya wakaazi, huhesabiwa kutokana na mapato uliyoyapata huko mwaka uliotangulia. Mwaka wa kwanza utalipa kidogo na utadhani mambo ni mepesi. Mwaka wa pili, hasa kuanzia Juni, ankara zinaanza kuja kwa uzito wake wa kweli. Tafadhali usimwahidi mdogo wako karo kwa hesabu ya mwaka wa kwanza.

Katika mkataba huohuo kuna vifungu vingine viwili visivyonipendeza. Kimoja kinasema kwamba mwezi wa Agosti, shule zinapofungwa, utalipwa sehemu tu ya mshahara. Kodi ya nyumba haitapungua mwezi huo. Kingine kinakutaka ulipe yeni 100,000 ukiacha kazi kabla ya muda. Sheria ya Viwango vya Kazi ya Japani, ya mwaka 1947, inamkataza mwajiri katika kifungu chake cha 16 kupanga mapema faini ya kuvunja mkataba. Mwajiri anayeandika kifungu ambacho sheria ya nchi yake mwenyewe inakikataa, ama haijui sheria ama anategemea kwamba wewe huijui, na katika hali zote mbili ningeshauri umuogope.

Uliza pia kampuni hiyo imefungamana na bodi ya elimu kwa mkataba wa aina gani. Kuna mpango wa kumkodisha mfanyakazi, ambapo shule ina haki ya kukuelekeza kazi, na kuna ule wa kutoa huduma, ambapo kisheria shule haipaswi kukupa maagizo moja kwa moja. Huo wa pili umewatesa walimu wengi. Fikiria umesimama ubaoni pamoja na mwalimu mwenyeji, watoto thelathini wanawatazama, naye anataka zoezi libadilishwe kwa kuwa wanafunzi hawajaelewa. Kwa mujibu wa mpango huo maelekezo yanatakiwa yapitie kwenye kampuni. Ufundishaji wa watu wawili hauwezi kwenda hivyo, nami kama mwalimu mstaafu naona uchungu kuufikiria.

Mkataba wa pili, wa shule binafsi ya mazungumzo ya Kiingereza huko Osaka, naupenda zaidi, ingawa kazi yake inaanza saa saba mchana hadi saa tatu usiku na Jumamosi utakuwa darasani. Unataja yeni 265,000, unataja waziwazi bima ya jamii, na unataja siku 10 za likizo yenye malipo baada ya miezi 6, ambazo ni haki yako kisheria popote utakapofanya kazi kwa saa hizo. Kinachonitia wasiwasi ni nyumba, ambayo kampuni itakupangia na kukata kodi yake kwenye mshahara.

Wasiwasi huu una sababu. Kampuni ya Nova, iliyokuwa kubwa kuliko zote katika biashara hiyo na yenye makao yake papo hapo Osaka, ilianguka Oktoba 2007. Mwezi Juni mwaka huo serikali ilikuwa imeizuia kwa miezi 6 kuandikisha wanafunzi wa mikataba mirefu, kwa kuwa iliwapotosha wateja juu ya marejesho ya ada zao. Baada ya hapo mishahara ikachelewa, kisha ikakatika, na walimu wa kigeni wapatao 4,000 wakabaki bila kazi. Baadhi yao walipata notisi za kutolewa kwenye nyumba, kwa sababu kampuni ilikuwa imekata kodi ya nyumba kwenye mishahara yao bila kumfikishia mwenye nyumba. Wapo waliofundisha ili wapate chakula. Jina hilo baadaye lilichukuliwa na wamiliki wengine, na sisemi kwamba kampuni yako inafanana nayo. Lakini Geos nayo ilifilisika Aprili 2010, kwa hiyo halikuwa tukio la mara moja. Ukiweza, jina lako liwe kwenye mkataba wa nyumba. Ikishindikana, omba risiti ya kila mwezi kutoka kwa mwenye nyumba.

Najua pia umekua ukisikia habari za ndugu zetu wa pwani waliokwenda Ghuba, ambako mfumo wa kafala umempa mwajiri nguvu juu ya ukaazi wa mtu. Japani ni tofauti, na ni vizuri ulijue hilo kabla hujaondoka. Hadhi ya ukaazi, yaani kibali cha kuishi na kufanya kazi huko, ni yako. Ukihama mwajiri, unatakiwa kuiarifu idara ya uhamiaji ndani ya siku 14, na usikae miezi 3 bila kazi pasipo sababu ya msingi. Angalia tu kwamba hadhi ya mwalimu wa shule za serikali si ile ya mwalimu wa kampuni ya mazungumzo, hivyo kutoka moja kwenda nyingine kunahitaji ombi la kubadilisha. Pasipoti usimpe mtu akuwekee, na wakala wa hapa Mombasa akikudai ada ya kukupatia kazi, achana naye siku hiyohiyo.

Kuhusu sharti la miaka 12 ya kusomeshwa kwa Kiingereza kwa wageni wanaotaka kukifundisha huko, umelitimiza: darasa la nne hadi la nane, miaka minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu inakuwa 13. Rafiki yako wa Tanga aliyesoma msingi kwa Kiswahili atapata taabu hapo, na umwambie mapema asije akapoteza nauli.

Uamuzi wangu, basi, ni huu. Mkataba wa kwanza ukatae. Wa Osaka usiutie sahihi mpaka wajibu kuhusu nyumba. Wakati huohuo ulizia katika ubalozi wa Japani, Nairobi, kuhusu JET, mpango wa serikali ya Japani wa kupeleka walimu wageni shuleni, ulioanza mwaka 1987, ambao unamweka mwalimu chini ya serikali ya mtaa yenyewe, pamoja na bima, na mshahara wa mwaka wa kwanza uliopandishwa mwaka 2025 hadi takriban yeni 4,020,000 kwa mwaka. Utakulazimu kusubiri, na huenda ukapelekwa kijiji cha mbali chenye theluji. Mimi ningesubiri.

Waandikie wa Osaka wiki hii. Wakijibu, nitumie barua yao kama ilivyo, usinifupishie, nami nitaisoma usiku huohuo.

Mama yako akupendaye.