Kwa Zuhura, kuhusu Snowden na fomu ya Faraji

Kibokoni, Mombasa
Jumamosi, baada ya alasiri

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia, na nashukuru kusikia nyote hamjambo huko Likoni.

Umeniuliza mambo mawili kwa mpigo: kama mwanao Faraji atie sahihi ile fomu ya siri aliyopewa na kampuni ya simu iliyomwajiri, na kama yule Edward Snowden wanayemgombania kila jioni barazani kwenu ni shujaa au ni mhalifu. Nianze na la pili, maana la kwanza linalitegemea.

Kwamba alivunja sheria, hilo halina ubishi. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni yenye kandarasi na NSA, shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, akachukua nyaraka za siri alizotia sahihi kuzilinda, akawapa waandishi wa habari, na Juni 2013 Marekani ikamfungulia mashtaka matatu: wizi wa mali ya serikali, na mawili chini ya Sheria ya Ujasusi ya mwaka 1917. Barazani wanakosea pale wanapompima mtu mzima kwa neno moja. Mimi napima karatasi, moja baada ya nyingine, na kila karatasi naiuliza hivi: kama isingetoka, yule aliyedhulumiwa angepata wapi pa kusimama mbele ya jaji?

Chukua ile ya kwanza iliyochapishwa na gazeti la The Guardian tarehe 5 Juni 2013. Ilikuwa amri ya mahakama ya siri ya Marekani inayosimamia ujasusi, iliyoitaka kampuni ya simu ya Verizon iikabidhi NSA kila siku, kuanzia 25 Aprili hadi 19 Julai, rekodi za simu za wateja wake: nambari iliyopiga, iliyopigiwa, saa, muda, kitambulisho cha laini na kitambulisho cha simu yenyewe. Maneno ya mazungumzo hayakuwamo, na hapo ndipo watu wengi husema, basi hasara iko wapi?

Iko hapa. Tuseme saa kumi alfajiri simu ya dakika mbili inatoka hospitali ya Makadara. Aliyepokea anampigia imamu, kisha anapiga simu ishirini za nusu dakika nusu dakika, na kufika saa mbili asubuhi simu tano zinatoka jirani na makaburi ya Kikowani. Hakuna neno lililosikilizwa, lakini msiba umeshajulikana, na aliyefiwa, na jamaa zake, na nani kapigiwa mwanzo na nani kaachwa mwisho. Mkusanyie mtu huyo rekodi za miaka mitano, kama NSA walivyokuwa wakiziweka, utajua mambo yake ambayo mkewe hayajui.

Tena hawakuishia kwa anayeshukiwa. Waliruhusiwa kwenda hatua tatu: aliowasiliana nao, waliowasiliana na hao, na waliowasiliana na hao wengine tena. Fanya hesabu mwenyewe. Mtu mmoja ana watu 40 kwenye simu, kila mmoja wao ana 40 wake: hatua ya pili ni 1,600, ya tatu ni 64,000. Hapo sijamtia mfanyabiashara wa jumla wa Kongowea anayepigiwa na nusu ya mji. Januari 2014, baada ya siri kutoka, Rais Obama akaagiza ziwe hatua mbili.

Sasa urudi kwenye swali langu la jaji. Februari 2013, miezi michache tu kabla ya karatasi ile, Mahakama ya Juu ya Marekani iliitupa kesi ya Amnesty International na wenzao waliopinga sheria nyingine ya ujasusi kama huo. Majaji watano kwa wanne. Sababu ilikuwa kwamba walalamikaji hawakuweza kuonyesha kuwa wao wenyewe wanapekuliwa. Walikuwa wanadhani tu. Na wangejuaje, ilhali ni siri? Mwezi uliofuata, Seneta Ron Wyden alimuuliza mkuu wa ujasusi James Clapper, hadharani, kama NSA inakusanya data yoyote ya mamilioni ya Wamarekani. Akajibu la, si kwa kujua. Mahakama imefungwa, bunge limedanganywa. Ndipo ile amri ikatoka, chama cha ACLU, kinachotetea haki za raia huko Marekani, kikaweza kusema: sisi ni wateja wa Verizon, jina la kampuni yetu limo humu. Kesi ikasikilizwa, na Mei 2015 mahakama ya rufaa ya New York ikaamua kuwa ukusanyaji ule ulivuka mipaka ya sheria iliyotajwa kuwa msingi wake. Mwezi uliofuata bunge lao likapitisha sheria ya kuusimamisha.

Utaambiwa kwamba data ile ilikuwa inaokoa maisha. Bodi ya serikali yenyewe inayosimamia faragha iliupekua mpango ule na Januari 2014 ikaandika kwamba haikupata hata tukio moja la tishio kwa Marekani ambapo mpango ulibadilisha matokeo ya uchunguzi. Mfano waliokuwa wakiushika sana ni wa Basaaly Moalin, dereva wa teksi wa San Diego mwenye asili ya Somalia, aliyehukumiwa kwa kupeleka kiasi cha dola 8,500 kwa al-Shabaab. Septemba 2020 mahakama ya rufaa ikasema mpango ulikuwa kinyume cha sheria, na kwamba maelezo ya wakubwa kuhusu umuhimu wake katika kesi ile hayakulingana na yaliyomo kwenye faili la siri. Hukumu ya Moalin haikufutwa, na nataka useme hivyo barazani ili wasikukamate: mahakama iliona rekodi zile hazikuuharibu ushahidi uliotumika kumhukumu.

Kwa karatasi hiyo, basi, mimi nasema alitenda haki, na nasema bila kigugumizi.

Lakini si karatasi zote zilizokuwa hivyo. Akiwa Hong Kong, Snowden alilieleza gazeti la South China Morning Post jinsi NSA ilivyodukua kompyuta za China, kikiwemo Chuo Kikuu cha Tsinghua. Ujasusi wa dola moja dhidi ya dola nyingine ni kazi ya kila dola. Hakuna raia aliyekuwa akingoja karatasi hiyo ili afike kortini. Hapo alikosea, na wanaomtetea kwa kila jambo wanaidhoofisha hoja yao nzuri. Baya zaidi kwangu, ingawa si la Snowden, ni yale ya WikiLeaks, tovuti ya kufichua siri, Septemba 2011, nyaraka zaidi ya 250,000 za balozi za Marekani zilipotolewa bila kufutwa majina ya watu walionong’ona na mabalozi kwa kuamini watalindwa. Hilo siwezi kuliita ushujaa hata kidogo. Snowden angalau hakumwaga. Aliwapa waandishi wachague.

“Angepitia ofisini,” mjomba wako atasema. Thomas Drake wa NSA alipitia ofisini: wakubwa, mkaguzi, kamati za bunge. Mwaka 2010 akashtakiwa makosa kumi, kifungo kinachofika miaka 35. Mwaka uliofuata mashtaka yakaporomoka, akakiri kosa dogo moja, akapewa mwaka wa uangalizi na saa 240 za kazi za jamii. Kazi na akiba vimeshakwenda. Na “arudi ajitetee kortini” nayo ina shida yake: Sheria ya Ujasusi ya Marekani haimpi nafasi ya kusema alifanya kwa manufaa ya umma. Daniel Ellsberg, aliyeshtakiwa kwa kufichua nyaraka za siri za vita vya Vietnam, alipoulizwa kortini na wakili wake mwaka 1973 kwa nini alizinakili, upande wa mashtaka ulipinga na jaji akamzuia kujibu. Kesi ilifutwa baadaye kwa makosa ya serikali yenyewe, si kwa sababu mtu alimsikiliza. Mwite mhalifu ukitaka, lakini kwanza mpe korti inayoruhusu jibu la “kwa nini”.

Nasi tumo humu, Zuhura. Mei 2014 tovuti ya habari ya The Intercept ilitaja Kenya, pamoja na Mexico na Ufilipino, kuwa nchi ambazo NSA ilikuwa ikikusanya rekodi za simu zake kwa mpango ulioitwa MYSTIC. Katiba yao haitulindi sisi. Yetu, kifungu cha 31, inalinda mawasiliano ya kila mtu, ila huwezi kudai haki iliyovunjwa bila wewe kujua. Na kwa upande wa gharama, Mombasa tunaye wa kumkumbuka: David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyetoa karatasi za Goldenberg, ile kashfa ya wizi wa fedha za umma. Alikamatwa, akafukuzwa kazi, akaja kujificha huku pwani. Tuzo ya uadilifu ya Transparency International aliipata mwaka 2004, na miaka miwili baadaye akafariki katika ufukara.

Ndiyo maana sitaki Faraji afuate hisia. Sasa fomu yake.

Aitishe nakala kabla ya kutia sahihi, asome ni sheria gani imetajwa. Kama ni siri za kampuni na za wateja tu, hayo ni makubaliano ya kazi, atie sahihi, ni haki ya wateja. Kama imetajwa Sheria ya Siri Rasmi ya mwaka 1968, ajue kifungo chake kinaweza kufika miaka 14, na kwamba sheria ile inamfunga hata asipotia sahihi. Fomu ni ukumbusho tu. Upande wa pili kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, kifungu cha 16, kinachokataza mtu kuadhibiwa kazini kwa kufichua jambo la manufaa ya umma. Akilipeleka kwa chombo cha sheria au ofisi ya umma inayohusika, linahesabiwa moja kwa moja kuwa la manufaa ya umma. Kwa hivyo mlango wa kwanza si gazeti.

Kazini, polisi wakija kutaka rekodi za mtu, aangalie amri ya mahakama: nambari ya kesi, muhuri, sahihi ya hakimu, nambari za simu zilizotajwa, tarehe ya kuanzia na ya kuishia. Inayosema “rekodi zote” bila tarehe, aipeleke kwa wakili wa kampuni. Ombi la mdomo, la “toa sasa, barua italetwa kesho”, alirudishe kwa maandishi kwa mkubwa wake, na aandike kwenye daftari lake siku, saa, nani kaomba na nani karuhusu. Daftari linatosha. Data yenyewe asiitoe ofisini, hata ukurasa mmoja, hata kwa nia njema: hapo atakuwa amemkosea mteja yule yule anayetaka kumlinda, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 itamshika yeye kwanza.

Akiona ukiukaji unaendelea, aje kwa wakili kabla ya mtu mwingine yeyote, maana anayomwambia wakili wake yanalindwa. Kutoka hapo tunachagua: ofisi ya Kamishna wa Data, IPOA, mamlaka inayowasimamia polisi, kama ni polisi, au Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Na kuna njia isiyohitaji siri kabisa, ambayo watu hawaitumii inavyostahili: mwananchi yeyote anaweza kuiandikia ofisi ya umma kuuliza ni maombi mangapi ya rekodi za simu yaliyofanywa mwaka jana na mangapi yalikuwa na amri ya mahakama. Wana siku 21 za kujibu, na saa 48 kama swali linahusu uhai au uhuru wa mtu. Wakikataa kwa usalama wa taifa, kukataa kwenyewe kunapelekwa kwa Ombudsman.

Jambo la mwisho, kwa vile vijana hudhani ni rahisi kutojulikana. Reality Winner, mfanyakazi wa kampuni yenye kandarasi na NSA, mwaka 2017 alitoa ripoti moja ya siri kwa printa ya ofisini, akaituma kwa chombo cha habari. Kumbukumbu za mfumo zilionyesha watu sita tu waliowahi kuitoa kwa printa, na yeye peke yake alikuwa amewasiliana na chombo kile cha habari kwa barua pepe kupitia kompyuta ya kazini. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitano na miezi mitatu. Na Januari 2014 gazeti moja kubwa lilificha jina la mfanyakazi wa NSA kwa kisanduku cheusi kwenye faili. Maandishi yalikuwa bado yapo chini yake, ukinakili na kubandika yanasomeka. Jina hufutwa kwenye faili lenyewe, au unaitoa kwa printa, unalikata jina, unapiga picha upya.

Mwambie Faraji alete nakala ya fomu Jumatatu, kabla ya saa nne, nitakuwa ofisini. Asitie sahihi Jumapili kwa kuogopa kukosa kazi. Kuomba siku moja ya kusoma si kosa, na nitamwandikia barua ya kuomba hivyo ikibidi.

Nisalimie mama na watoto wote.

Wako,
Mwanakombo