Maumivu ya ugoko si ulegevu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme neno na viongozi wa vikundi vya mchakamchaka jijini Dar es Salaam, ambavyo kila mwisho wa juma hupita alfajiri mitaani kwetu Temeke kwa nyimbo na filimbi. Neno lenyewe linahusu maumivu ya ugoko, yaani mfupa wa mbele wa mguu kati ya goti na kifundo, ambayo sisi wanachama wapya huambiwa tuyavumilie kana kwamba ni kiingilio.

Nilijiunga mwezi Januari baada ya miaka mingi ya kushinda nimeketi, mara ofisini, mara kwenye daladala. Siku ya kwanza nilikimbia kilomita 8 za lami, kwa raba za mtumba ambazo soli zake zilikwisha kulika upande mmoja kabla hazijanifikia. Wiki ya tatu ugoko ukaanza kuuma upande wa ndani, sehemu ya chini: nikianza kukimbia unauma, mwili ukipata moto unatulia, na jioni nikipanda ngazi maumivu yanarudi. Kiongozi wetu alisema ni ulegevu, nikaze. Mwenzangu mmoja, kwa nia njema kabisa, akanichua kwa mafuta ya moto hadi nikashindwa kulala.

Mtaalamu wa fiziotherapia niliyemwendea hatimaye alipitisha kidole gumba polepole kwenye ukingo wa mfupa, akiuliza kila anapobonyeza kama panauma. Paliuma kwa urefu wa kiganja kizima, naye akasema hiyo ilikuwa nafuu yangu. Maumivu yaliyotapakaa namna hiyo aghalabu hutokana na mfupa, pamoja na utando unaoufunika, kuelemewa na vishindo vya kila hatua pale mtu anapoongeza umbali au kasi kwa ghafla. Kwani mfupa hujiimarisha kulingana na kazi unayopewa, lakini huchukua muda mrefu kuliko pumzi, na mtu hujiona yuko tayari ilhali mguu bado. Kama maumivu yangekuwa mahali pamoja padogo kama sarafu, au yangeniuma hata nikiwa nimelala, angeshuku ufa katika mfupa, ambao picha ya eksirei katika wiki za mwanzo inaweza isiuonyeshe. Anayekimbia na ufa huo anaweza kuuvunja mfupa kabisa. Mguu unaokaza na kufa ganzi kila ukikimbia nao ni wa kupelekwa kwa daktari.

Tiba niliyopewa haikuwa ya kukaa kitandani. Niliacha mbio kwa wiki kadhaa, nikatembea na kuendesha baiskeli kwa kiasi kisichoniletea maumivu, na jioni nikaweka barafu iliyofungwa katika kipande cha kanga kwa dakika 15, ambayo hutuliza tu wala haiponyi. Kazi kubwa ilikuwa kusimama kwenye kizingiti cha mlango, kuinua visigino na kuvishusha taratibu, ili misuli ya shavu la mguu ipate nguvu ya kupokea mshindo. Nilikatazwa kumeza dawa za maumivu ili nipate kukimbia, tabia ambayo nimeiona sana kwa wenzetu wanaojiandaa kwa mbio za Kilimanjaro kule Moshi, ambao huanza mazoezi zikiwa zimebaki wiki chache.

Ombi langu kwa viongozi ni dogo. Mgeni apangwe nyuma, atembee dakika kadhaa na kukimbia moja au mbili, na umbali wake uongezwe kidogo kidogo, tena asikimbie siku mbili mfululizo. Akisema ugoko unauma, aulizwe unauma wapi na wakati gani kabla ya kuambiwa akaze. Mimi nimerudi kundini, nakimbia kilomita 3, na filimbi naisikia kwa mbali.

Mkimbiaji wa nyuma,
Temeke, Dar es Salaam