Wafunge barabara jioni, baraza watuachie

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani. Huu ni mwaka wa 22 nakaa kwenye baraza ya duka moja la zamani hapa Lindi mjini, na kazi inayonitesa ni kanzu nyeupe. Lori likipita, vumbi linatua kwenye pindo kabla sijakata uzi. Mwezi uliopita fuso moja lilirudi nyuma kushusha saruji, likagonga nguzo ya baraza. Mteja niliyekuwa nampima mkono aliruka na futi yangu shingoni. Tulicheka, lakini nguzo ina ufa mpaka leo.

Kwa hiyo vijana wa mtaani wanaposema mitaa ya zamani ifungwe kwa magari, watu waje kutembea, kununua na kula, nawaunga mkono. Lindi ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, yalipohamia Mtwara. Hata mifupa ya dainosaria waliochimbuliwa kilima cha Tendaguru, mkoani kwetu, kati ya 1909 na 1913, iliingia mjini humu vichwani na mabegani mwa wapagazi, ndipo ikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Mji huu unaijua miguu.

Ila kuna ukarabati. Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa. Jirani alipiga plasta ya saruji ili ipendeze. Masika mawili tu, unyevu umenasa ndani, chumvi inasukuma, ukuta umevimba. Ukiugonga unalia kama debe tupu. Watafutwe mafundi wa chokaa wakiwa bado hai.

Halafu sisi wa barazani. Mtaa ukishapendeza kodi hupanda, na wa kwanza kuambiwa "mzee, pisha" ni mimi na mama wa vitumbua. Sasa huyo mgeni akija akakuta baraza tupu, atatazama nini? Milango?

Tuanze na Ijumaa na Jumamosi, saa kumi jioni hadi saa nne usiku. Malori yashushe mizigo alfajiri, bajaji ziishie kona kwa ajili ya wenye magoti kama yangu. Wauza pweza na mihogo wapewe taa, maji na pa kumwaga taka. Choo kiwepo, maana hicho ndicho husahaulika. Benchi la kwanza natoa mimi, lile la wateja. Mguu mmoja ni mfupi, lakini nimeshauwekea kitambaa.

Fundi cherehani,
Lindi mjini