Barua ya Malalamiko: Waya na Silikoni Visivyolingana na Lebo Zake

Karakana ya Vikaragosi,
Kikuyu,
DODOMA.

17 Novemba 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Duka la Vifaa vya Sanaa na Ufundi,
Kariakoo,
DAR ES SALAAM.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU WAYA NA SILIKONI NILIVYOUZIWA, NA MADAI YA KUREJESHEWA FEDHA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mwezi Oktoba mwaka huu niliagiza dukani kwenu, kwa simu na kisha kwa maandishi, vifaa vya kutengenezea vikaragosi vya filamu ya katuni inayopigwa picha moja moja. Niliagiza koili za waya laini wa aluminiamu wenye kipenyo cha milimita 1.5 na milimita 3, pamoja na seti mbili za silikoni ya platinamu, yaani ile ya majimaji ya chupa mbili ambayo ikichanganywa hushika na kuwa mpira laini. Nililipa shilingi 486,000, nikapewa risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) inayotaja kila bidhaa kwa jina lake, na mzigo ukafika kwa basi katika stendi ya Nzuguni ukiwa umefungwa vizuri. Kuhusu usafirishaji sina neno. Ninacholalamikia ni kwamba vitu vilivyokuwa ndani ya boksi sivyo vilivyoandikwa kwenye lebo wala kwenye risiti, na kwamba nilipopiga simu kueleza hivyo, mhudumu wenu alinijibu kuwa "waya ni waya" na kwamba fundi mzuri hachagui kifaa.

Kwa kuwa jibu hilo limetoka katika duka linalojitangaza kuuza vifaa vya sanaa, naona ni lazima nieleze kwa nini si kweli. Kikaragosi cha kazi hii si mwanasesere wa kuchezea. Ndani ya mwili wake kuna kiunzi cha waya ambacho ndicho mifupa yake. Juu ya kiunzi huja sponji, juu ya sponji huja nguo, na uso pamoja na mikono hutengenezwa kwa silikoni. Mtu anayekichezesha hukisogeza kidogo sana, huondoa mkono wake, hupiga picha, kisha hukisogeza tena. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde, na hata tukiirudia kila picha mara mbili ili kupunguza kazi, kama wafanyavyo wengi, bado sekunde moja inadai mikao 12, na dakika moja inadai mikao 720. Waya wa kazi hiyo hauna budi kukubali kukunjwa bila ubishi na kubaki pale pale ulipoachwa. Aluminiamu iliyolainishwa kwa moto kiwandani hufanya hivyo, na ndiyo sababu niliandika neno "laini" katika oda yangu, nanyi mkaliandika katika risiti yenu.

Waya wa milimita 1.5 mlionitumia si aluminiamu kabisa. Niligundua jambo hilo kabla hata ya kuukata, kwa sababu niliiweka koili mezani karibu na sumaku tunazozitumia chini ya bati lenye matundu kushikilia nyayo za vikaragosi, nayo ikavutwa papo hapo na kung'ang'ania. Aluminiamu haishikwi na sumaku. Ili nisije nikamsingizia mtu, nilipima pia uzito. Mita 10 za waya wa aluminiamu wenye kipenyo hicho hazizidi gramu 48 hivi, lakini mita 10 nilizokata kutoka kwenye koili yenu zilikuwa na gramu 138, ambao ndio uzito wa chuma. Kwa macho yangu huo ni waya wa chuma uliopakwa zinki, wa jamii ile ile inayofungiwa fensi, na hapa Dodoma ningeupata katika duka lolote la vifaa vya ujenzi kwa bei ndogo sana kuliko mliyonitoza.

Hata hivyo nilitengeneza kiunzi kimoja kwa waya huo, ili nisizungumze kwa nadharia tupu. Kwa kawaida husokota nyuzi mbili pamoja kwa drili ya taratibu, ili ukikatika mmoja, mwingine ushikilie mpaka kipande cha filamu kiishe. Waya wenu ulipoachiwa na drili ulijifungua wenyewe nusu ya msokoto. Mhusika mkuu wa filamu yangu ni bibi mkulima wa zabibu, mwenye kimo cha sentimita 25, na katika onyesho la kwanza anainua mkono kuchuma kishada. Nilimkunja kiwiko, nikaondoa mkono wangu, na kile kiwiko kikarudi nyuma kwa upana wa kama kucha. Nilipokikunja kupita kiasi ili kikirudi kisimame mahali pake, nguvu niliyotumia iling'oa nyayo zake kutoka kwenye sumaku, na mwili mzima ukahama. Tulipotazama picha zile zikiwa zimeunganishwa, bibi alionekana anatetemeka mwili mzima, na mkono wake ulikuwa ukishuka hali kishada hajakigusa. Hakuna programu ya kompyuta inayoweza kusafisha kosa la namna hiyo kwa gharama ambayo mtu wa karakana ndogo ataimudu.

Waya wa milimita 3, kwa upande wake, ni aluminiamu kweli, lakini ni ngumu. Nilikusudia kuutumia katika uti wa mgongo na miguu. Ukikunjwa kwenye goti huonyesha kwanza ufa mwembamba unaong'aa upande wa nje, na mikunjo michache baadaye hukatika kwa mlio mdogo. Mguu ukikatika ndani ya kikaragosi kilichokwisha kuvalishwa, inabidi nguo ifumuliwe, sponji ipasuliwe na kiunzi kiunganishwe upya kwa gundi ya epoksi, na hata hapo kikaragosi hakirudi tena katika mkao ule ule kiliokuwa nao kwenye picha iliyotangulia; kipande kizima hupigwa upya. Mhudumu wenu alinishauri niuchome waya huo kwenye jiko la mkaa ili ulainike. Ushauri huo haufai na ni wa hatari. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi na, tofauti na chuma, haionyeshi wekundu wa kukutahadharisha kabla ya kuyeyuka, hivyo mtu asiye na tanuru lenye kipimajoto huweza kuipoteza koili yote kwa kufumba na kufumbua. Isitoshe, kazi ya kuulainisha ni ya kiwanda, na mimi nimekwisha kuilipia.

Sasa nije kwenye silikoni, ambayo kwangu ndiyo iliyoniudhi zaidi, kwa kuwa hapa sidhani kama ni suala la kutojua. Lebo yenu inaagiza sehemu A na sehemu B zichanganywe sawa kwa sawa kwa uzito, na inaahidi kwamba mchanganyiko utakuwa umeshika baada ya saa 6. Nilipima kwa mizani ya dijitali, nikakoroga kwa kufuata maelekezo, nikamimina katika kalibu za jasi zilizokauka na kupakwa dawa ya kuziba vitundu vyake. (Jasi yenyewe haijawahi kunisumbua, tunaichukua Itigi, jirani zetu hapa, na ni nzuri.) Siku ya pili yake mikono ya bibi ilikuwa bado inavutika kama mlenda, na juma zima lilipita bila kubadilika.

Nilipowaandikia, mlinipa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba huenda udongo niliofinyangia umbo la kutolea kalibu ulikuwa na salfa. Ni kweli kwamba salfa huizuia silikoni ya platinamu isishike, kama zizuiavyo pia glavu za mpira wa asili na baadhi ya kemikali zenye madini ya bati, na kila anayefanya kazi hii hufundishwa jambo hilo mapema. Lakini kizuizi cha aina hiyo huanzia mahali silikoni inapogusana na kitu chenye salfa. Sehemu nyingine hushika kama kawaida. Silikoni yenu haikushika popote. Mabaki niliyoyaacha katika kikombe kipya cha plastiki, ambacho hakijawahi kukaribiana na udongo wa aina yoyote, yapo mezani kwangu hadi leo na bado ni majimaji. Udongo ninaoutumia hauna salfa, na glavu zangu ni za nitrili, si za mpira wa asili.

Sababu yenu ya pili ilikuwa joto la Dodoma. Sisi wa huku tumezoea kusikia joto na vumbi letu vikilaumiwa kwa kila jambo, lakini kwa hili mmekosea njia. Joto huiharakisha silikoni ya platinamu. Baridi ndiyo huichelewesha. Kama hali ya hewa ya Novemba ingekuwa na mkono katika jambo hili, mchanganyiko ungeganda mapema mno ndani ya kikombe kabla sijamaliza kuumimina, na mimi ningekuwa nalalamikia hilo.

Maelezo ya kweli, kwa ninavyoona, yako kwenye chupa zenyewe. Kona ya lebo ya sehemu B ilikuwa imebanduka, na nilipoiinua niliona chini yake lebo nyingine ya kiwanda, yenye tarehe ya mwisho wa matumizi ya Machi 2023. Chupa ya seti ya pili iko vivyo hivyo. Silikoni ina umri wake, na ikichakaa ghalani kushika kwake hakuna uhakika hata kama fundi amefuata kila agizo. Naomba mnieleze kwa maandishi ni nani aliyebandika lebo mpya juu ya ile ya zamani, na kwa nini.

Sitawadai fidia ya muda uliopotea, ingawa ratiba ya kupiga picha imevurugika na fundi cherehani wa Majengo aliyeshona gauni la kitenge la bibi amelazimika kulifumua. Ninachodai ni kurejeshewa shilingi 486,000 zote pamoja na nauli ya mzigo, kwa njia ile ile niliyolipia. Sihitaji kubadilishiwa, kwa sababu sioni namna ya kuwa na uhakika kwamba koili ya pili itakuwa na kitu kilichoandikwa juu yake. Nataka pia silikoni yote yenye lebo za namna hiyo iondolewe kwenye rafu zenu, kwani wapo wanafunzi na mafundi wanaoanza ambao, ikiwagomea, watadhani kosa ni lao.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Nasubiri majibu yenu ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani pamoja na vielelezo vyote.

Nimeambatisha nakala ya risiti, nakala ya oda yangu, picha za waya ukiwa umeshikwa na sumaku na ukiwa juu ya mizani, na picha za lebo zote mbili za silikoni. Koili, chupa na kile kikombe nimevihifadhi. Mkitaka kuvikagua, mtumeni mtu wenu Dodoma, au lipieni gharama ya kuvirudisha, nami nitavikabidhi kwa kusainiana.

Wako mwaminifu,

Mtengeneza vikaragosi,
Kikuyu, Dodoma.