Shukrani za Familia: Maziko ya Mama Yetu, Maskati

Bismillahi Rahmani Rahim.

Mama yetu alifariki alfajiri ya Jumapili, 12 Januari 2020, siku moja baada ya kuzikwa Sultani Qaboos wa Oman. Jumamosi nzima alikaa mbele ya televisheni, ncha ya kanga mdomoni. Alizaliwa Unguja na kuondoka baada ya 1964. Sultani aliposhika nchi 1970 na kuwaita Waomani walioko nje, naye alikuja. Kwake kilikuwa kilio cha nyumbani.

Sheria ililipatia baraza la ukoo wa kifalme siku tatu za kuchagua mrithi. Lenyewe likataka ifunguliwe barua ya marehemu yenye jina la mrithi, na siku hiyohiyo Haitham bin Tariq akaapa. Mama akashusha pumzi: "Alhamdulillahi, hawakugombana juu ya maiti." Jeneza la Sultani likapita mabegani, limefunikwa bendera, hadi makaburi ya Ghala. Akasema, "Kaenda na sanda tu, kama sote." Usiku hakula. Alfajiri tulipomwamsha kwa sala, keshatutoka.

Nchi ilikuwa imefungwa siku tatu, ofisi zote kimya. Tulizunguka na kitambulisho chake mkononi, hatujui tubishe wapi. Ewe kijana uliyeacha msiba wa kwenu, ukaja na ufunguo kutuandikia kibali cha kuzikia, hukukubali hata maji. Mama alizikwa kabla ya adhuhuri kwa sababu yako. Allah akufungulie milango usiyoitarajia.

Nanyi bibi wawili mliomwosha: mlimsemesha kwa Kiswahili cha kwao, polepole, kama mtoto anayelazwa. Hatutasahau.

Tunawashukuru waliochimba kaburi, waliobeba, maimamu, madaktari na wauguzi, majirani wa Al Khuwair, waliopika, waliokopesha mabusati, waliopokea wageni, ami na shangazi wa Dubai, ndugu wa Mombasa na London, na jamaa wa Unguja waliokosa kuja wakasoma hitma Miembeni usiku uleule.

Tunajua tumewasahau wengi. Siku zile hata salamu tulikuwa tunaitikia bila kuona ni nani. Aliyetupa mkono wa pole tukamtazama tu, aliyepiga simu isipokelewe, aliyeondoka bila kahawa, tunakuombeni radhi kwa jina la Mwenyezi Mungu. Na yeyote anayemdai mama, aje kwetu wanawe.

Bendera zilishushwa nusu mlingoti siku arobaini. Zilipopandishwa, nasi tukasoma hitma ya mama.

Allahummaghfir laha warhamha. Amin.