Risala ya wanafunzi na wahitimu kwa mgeni rasmi, siku ya harambee ya mfuko wa taaluma, Mwanza

Ndugu mgeni rasmi, meza kuu, wahadhiri wetu, wazazi mliotoka Magu, Sengerema, Ukerewe na kwingineko, ndugu zetu wa Mwaloni Kirumba mlioacha biashara ya dagaa siku ya Jumamosi (na tunajua Jumamosi ina maana gani kwenu), wanafunzi wenzetu, mwangaluka!

Kwanza kabisa asante kwa kuja. Sisi ni chuo kidogo, tukipiga simu kualika watu wanatuuliza chuo gani hicho, kiko upande gani, mnatoa digrii kweli? Wewe hukuuliza, ulisema nitakuja na umefika kabla ya saa iliyoandikwa kwenye kadi, mpaka MC amekukuta umeshakaa yeye bado anahangaika na waya za spika.

Mgeni rasmi, risala nyingi zinaanza na historia, zinafuata changamoto kumi, mwisho mnaombwa basi. Sisi leo hatuombi basi wala jengo. Tunaomba mfuko wa taaluma, na tunaomba utuvumilie tueleze ni kitu gani, maana kuna wazazi hapa wanadhani ni ada.

Sio ada. Kwenye ada na kula kuna Bodi ya Mikopo, ilianza kazi mwaka 2005 na bila hiyo nusu ya waliokaa chini ya hema hili sa hizi wangekuwa wanafanya shughuli nyingine kabisa. Bumu, yaani ile hela ya mkopo ya chakula na malazi, ni 10,000 kwa siku, hapo hapo ulipe chumba Nyegezi au Buhongwa, nauli ya daladala, bando, kudurufu desa (notisi za masomo), na wengine, tuseme ukweli, hela hiyo hiyo inarudi nyumbani kwa wadogo zao. Halitoshi lakini linaenda. Ambacho hakina mwenyewe ni ile hela ya kumfanya mwanafunzi mzuri afanye kazi nzuri.

Yupo mwenzetu wa mwaka wa 3, jina ametuomba tusilitaje, alitaka kupima maji ya ghuba hapa Ziwa Victoria, alinganishe pale gugu maji lilipotanda na pale palipo wazi, oksijeni iliyomo ndani ya maji ikoje, basi, hicho tu. Msimamizi wake akafurahi. Sasa kufika huko unataka mtumbwi wa mashine, petroli, mtu wa kukupeleka, chupa za sampuli, na kipimo ambacho chuo kinacho kimoja mnapangiana zamu kama bomba la mtaa. Safari ya kwanza akaenda kwa bumu. Ya pili akambembeleza mvuvi aliyekuwa anaenda kutega nyavu, wakatoka saa 10 alfajiri, amekaa juu ya ndoo, chupa zake amezikumbatia zisije zikagongana. Ya tatu hakwenda, hela hakuna na mvuvi kahamia kambi nyingine. Akabadilisha mada, akatengeneza dodoso, watu wakajaza, akachora chati zake na akafaulu, hatusemi alifeli. Ila yale maji hakuna aliyeyapima.

Na ziwa hili mgeni rasmi asilimia 51 liko Tanzania, sisi tunaliona kwenye dirisha la darasa! Tukikaa tu kuna siku atatoka mtu mbali, ana boti yake na maabara yake, atatupimia, halafu tutaanza kutafuta ripoti ya ziwa letu kwa kuombaomba.

Kwa hiyo tukisema ubora wa taaluma hatumaanishi fasti klasi peke yake, ingawa tunazo na tunazipenda sana, GPA ya 4.4 kwenda juu haiji hivi hivi, kuna watu hapa wanafukuzwa maktaba na mlinzi kila usiku. Tunamaanisha pia petroli ya mtumbwi. Kemikali za maabara ambazo hazijaisha muda. Nauli ya mhadhiri kijana aliyeandika kazi nzuri akaitwa kwenye kongamano na barua ya mwaliko ipo mezani lakini tiketi haipo.

Sasa kuhusu hela zenyewe. Harambee hapa zimeshafanyika, tunazikumbuka, vigelegele, mtu anasimama anaahidi, MC anataja mamilioni, mtunza hazina daftari limejaa, wiki inayofuata akipiga simu anaambiwa nipo kwenye kikao, na kikao hicho hadi leo hakijaisha. Hatumtaji mtu. Tunasema tu ahadi kubwa za siku moja zimetuchosha.

Safari hii utaratibu ni kwamba mnachochanga hakitumiki. Kinanunua hati fungani za serikali, yaani tunaikopesha serikali, zile zinazouzwa na Benki Kuu, unaanzia na 1,000,000, riba inalipwa kila miezi 6 na zipo za miaka 20 hadi 25. Inayotumika ni riba tu. Kwa Wasukuma hili wala halihitaji semina, ng'ombe anabaki zizini watoto wanakunywa maziwa. Mtu mmoja akitoa 5,000 kwa mwezi kwenye simu yake, watu 200 ni milioni moja kila mwezi, na wahitimu wetu 200 hawakosekani, wapo halmashauri, wapo mashuleni, wapo viwanda vya samaki, wapo migodini Geita, magrupu yao tunayo na tunaona wanavyochangia harusi, harusi haijawahi kukosa kadi!

Wala sio jambo geni kanda hii. Wakulima wa pamba walianza kwa kupigania mizani kwa sababu walikuwa wanapunjwa, wakajiunga kijiji kwa kijiji hadi mwaka 1955 wakawa na muungano wao hapa Mwanza, Paul Bomani akiwaongoza, baadae wakanunua na vinu vyao vya kuchambulia pamba. Bomani huyo huyo baada ya uhuru akawa Waziri wa Fedha.

Mgeni rasmi, ombi letu kwako. Tunajua umekuja na bahasha na hatuikatai, tusidanganyane. Lakini kinachotufaa zaidi ni wewe ujaze fomu ya kila mwezi, hata kiasi kidogo, na utushikie mkono kwa wenye viwanda vya samaki, wewe wakikuona geti linafunguliwa, sisi tunaambiwa acheni barua hapo. Pesa haitatoka bila saini 3, ya chuo, ya wahitimu na ya wanafunzi, na hesabu tutabandika kila muhula kwenye ubao wa matangazo, hapo hapo yanapobandikwa matokeo ya sapu (mitihani ya marudio), kila mtu atapita.

Fomu ziko meza ya kushoto, kalamu zipo, na lipa namba tumebandika kwenye nguzo za hema. Sato na ugali ni baada ya hotuba yako, kwa hiyo anayetaka kuwahi kuondoka shauri yake.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanafunzi na wahitimu