Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga: mlipuko wa kipindupindu ukija tena tusikute fomu nne

Shikamoo Mheshimiwa,

Mi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Tanga mjini, nakuandikia wewe maana kwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 kamati ya maafa ya mkoa iko chini yako, na hili sisi wa mtaani hatuliwezi peke yetu.

Kipindupindu kilivyoingia mtaani kwetu misaada ilikuja, na nawashukuru wote waliojitolea, ila kila shirika lilikuja na gari lake, fomu yake na tisheti zake. Kuna mama mmoja muuza vitumbua, mwanawe bado yuko kwenye dripu kituoni, siku moja tu alihojiwa na timu tatu, maswali yaleyale, choo mnatumia wangapi, maji mnachota wapi, ya nne ilipobisha hodi akafunga mlango akakaa chini analia. Ndani kwake vidonge vya kutibu maji vimejaa bakuli, nyumba ya nyuma wanaochota naye kisima kimoja hawana hata kimoja.

Jioni kuoanisha takwimu, zikagoma. Hawa wanahesabu nyumba, wale kaya, na unazijua nyumba zetu za Ngamiani, korido moja vyumba sita na kila chumba kina sufuria lake, sasa hiyo ni moja au sita? Kupeana orodha nako kila mmoja anasubiri bosi wake wa Dar, ruhusa ikaja siku ya tatu, wakati kipindupindu mtu akikosa ORS (ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji) au dripu mapema kinamuua ndani ya masaa.

Kushirikiana kunawezekana jamani. Marburg ya Kagera, ile homa kali ya virusi, ilitangazwa Machi 2023 na Juni ikaisha, waliogusana na wagonjwa wakifuatiliwa mmoja mmoja, na kazi ile orodha zikigongana haifanyiki kabisa.

Naomba kabla ya masika uyaite mashirika yote yagawane kata, yakubaliane fomu moja na kaya maana yake nini, na ruhusa ya kupeana takwimu isainiwe sasa hivi ambapo hakuna mgonjwa. Wenyeviti wa mitaa na sisi tuwemo kikaoni, tusiitwe kuonyesha njia tu.

Zile fomu za mara ile ninazo nyumbani, aina zote nne. Ukiniita nakuja nazo.